Akiba ya Kuokolea Kompyuta

Ndani ya diski ya kompyuta nyingi zitumiazo Windows mna fungu dogo lililofichwa. Humo zimewekwa programu za kuitengeneza Windows inapoharibika na kukataa kufunguka.

Lakini fungu hilo limo katika diski ile ile. Diski ikifa, mgonjwa na dawa yake huzikwa pamoja. Kwa hiyo yafaa kuweka akiba nje, katika flashi.

Tafuta flashi ya gigabaiti 32 isiyo na kitu cha thamani, kwani yote yaliyomo yatafutwa. Ichomeke, andika Recovery Drive katika nafasi ya kutafutia, kubali kunakili mafaili ya mfumo, kisha ungoje. Kazi hii si ya dakika mbili. Ikiisha, iandike jina, uifungie kabatini.

Jambo moja lisisahauliwe: flashi hii huirudisha Windows tu, na katika kuirudisha huweza kufuta mafaili yetu yote. Insha, picha na alama za darasa zima hazimo ndani yake. Hizo zinakiliwe mahali pengine kabla ya siku ya msiba. Akiba haiozi.