Tiara ya bei nafuu isikuvunje mifupa

Je, unanuia kwenda Diani pepo za Kusi zinapovuma ili uteleze baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara? Basi fahamu upepo kwanza, kisha uhesabu pesa. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Tiara iliyokufaa jana yaweza kukunyanyua leo na kukubwaga ufuoni.

Ikiwa fedha ni haba, nunua ubao uliokwisha kutumika. Mikwaruzo haina madhara. Tiara pia yaweza kuwa ya mtumba. Kwa upepo wa kilomita 50 kwa saa, mtu wa kilo 75 huhitaji ndogo, ya mita mraba 8 hivi. Ijaze hewa uiache saa kadhaa: ikilegea, inavuja. Zinyooshe kamba, ukague zisiwe zimechakaa.

Lakini usibane matumizi kwa kofia ngumu wala kwa kifyatuo cha dharura, kile kinachoiondolea tiara nguvu mara moja. Kijaribu kamba zikiwa zimekazwa. Kikikwama, usinunue. Afadhali ukodishe kuliko kulipia matibabu ya fuvu lililopasuka.