Ndara Kuukuu Zilizogeuka Jahazi

Wengi wetu hapa pwani tumezoea kuiona ndara iliyokatika kuwa ni taka tu, na anayeiokota ufuoni kuwa ni mtu aliyeshindwa na maisha. Mafundi wa Lamu wameuonyesha ulimwengu kwamba sivyo.

Mwaka 2018, kisiwani Lamu, kilishushwa majini chombo kiitwacho Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 hivi, ambalo fundi wake mkuu ni Bwana Ali Skanda. Mkuku wake, mataruma yake na mbao zake ni plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa; mbavuni likapambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Januari 2019 likatweka tanga, na Februari likatia nanga Unguja, safari ya kilomita 500 hivi.

Ninalolistaajabia mimi si zile rangi, ijapokuwa zapendeza. Ni ule ustadi. Plastiki haina nyuzi kama mti, na joto huilegeza. Lakini mikono iliyozoea kuchonga mbao iliishika ikaitiisha. Lau Lamu ingalikuwa imekwisha mafundi, plastiki ile ingalibaki kuwa taka.

Huko Uholanzi nako, mwaka 2013, mbunifu Dave Hakkens alianzisha mpango wa Precious Plastic. Alibuni mashine ndogo za kusaga plastiki, kuiyeyusha na kuisukuma katika kalibu, mashine ambazo fundi wa kuchomea vyuma aweza kuziunda katika karakana yake. Michoro akaiweka wazi katika intaneti, kila atakaye aichukue bure na kuirekebisha apendavyo.

Kazi yenyewe yataka hadhari. Ndugu msomaji, tazama kitako cha dumu: mara nyingi utaona pembetatu yenye nambari. Plastiki ya nambari 2 na ya nambari 5 huyeyuka vyema na kuundika tena, lakini kila moja iyeyushwe mbali na mwenzake. Ya nambari 3 isitiwe motoni kabisa, kwani hutoa moshi wa sumu. Na kazi yote ifanywe mahali penye hewa ya kutosha.

Sasa yatupasa tujiulize: elimu hii iko wazi kwa nani? Michoro mingi ya namna hii imeandikwa kwa Kiingereza, na kijana wa Faza au Vanga aliyejifunza ufundi kwa babake hawezi kuifaidi. Nayo elimu ya jahazi kwa sehemu kubwa haikuandikwa. Imo machoni na mikononi mwa wazee, na kila tunapomzika fundi mmoja, twazika na sehemu yake.

Hayo ni milango miwili iliyofungwa, na funguo zote ni zetu. Walimu wetu wa ufundi na waifasiri michoro hiyo kwa Kiswahili, na wakae na wazee waandike vipimo vya mkuku na taruma. Tusipofanya hivyo, vijana wetu watabaki kuokota chupa na kuziuza kwa kilo, kisha wanunue kwa bei ghali ndoo na viti vilivyotokana na chupa zizo hizo. Israfu ya plastiki ni mbaya. Israfu ya elimu ni mbaya zaidi.