Upatanisho wa Kisarufi katika Programu za Tovuti Zinazozalishwa kutokana na Hifadhidata

1.0 Utangulizi
Makala haya yanaeleza namna programu ya tovuti inavyozalishwa kutokana na hifadhidata iliyokwishakuwapo, na mahali ambapo kazi hiyo hugongana na sarufi ya Kiswahili.

2.0 Namna Uzalishaji Unavyofanyika
Mwaka 1970 E. F. Codd alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayorejeleana. Tuchukue mfano wa majedwali matatu: wilaya, kata na mkazi. Katika jedwali la kata, Mkumbara hurejelea Korogwe iliyo katika jedwali la wilaya. Mkazi naye hurejelea kata yake. Hifadhidata huhifadhi pia maelezo ya muundo wake yenyewe, na hayo ndiyo yasomwayo na programu zalishi. Kwa mfano, katika Django, iliyotolewa mwaka 2005, amri ya inspectdb husoma majedwali na kuyaandikia msimbo. Kwa nyongeza ndogo tu, hupatikana kurasa za kuorodhesha, kuongeza, kurekebisha na kufuta. Safu inayorejelea jedwali jingine huwa orodha ya kuchagua. Hivyo karani hawezi kuandika jina la kata moja kwa tahajia mbili.

3.0 Tatizo la Ngeli
Muundo husomeka, lakini sarufi haimo ndani yake. Wingi usipobainishwa, Django huongeza herufi s mwishoni mwa jina: *mkazis badala ya wakazi, *katas badala ya kata. Kosa hilo huonekana upesi. Zito zaidi ni la upatanisho. Kiolezo kimoja cha ujumbe, chenye kitenzi imesajiliwa, huifaa kata na wilaya, lakini huzaa *mkazi imesajiliwa. Huenda ikasemwa kwamba maana inaeleweka. Hata hivyo, ujumbe huo ni maandishi rasmi, na unampatanisha mtu kama kitu. Wasanifu wengine hukwepa tatizo kwa kuiacha programu katika Kiingereza, na hapo anayeumia ni karani.

4.0 Hitimisho
Tunapendekeza ngeli nayo iwe data. Jedwali dogo la istilahi lioneshe umoja, wingi na viambishi vya upatanisho: mkazi, wakazi, a-, wa-, kata, kata, i-, zi-. Jedwali hilo litengwe na msimbo uliozalishwa, kwa sababu uzalishaji ukirudiwa, masahihisho yaliyoandikwa ndani ya msimbo huo huweza kufutika. Kulijaza ni kazi ya mwanaisimu, na ifanywe kabla ya msimbo kuzalishwa.