Utafiti wa Sayansi na Hisabati Kasese Usipangwe Bila Walimu

Kila serikali inapobadilisha mafundisho ya sayansi na hisabati, nyuma yake hufuata watu wenye makaratasi. Hufika shuleni asubuhi, huuliza maswali, huhesabu madawati na vyombo vya maabara, na jioni hurudi mjini. Mwalimu aliyejibu maswali yao hasikii tena habari zao. Katika wilaya ya Kasese, toka Kasese mjini mpaka Bwera kwenye mpaka wa Kongo, wenzetu walimu wamechoshwa na ziara za namna hiyo. Sasa yanapoanza mazungumzo juu ya utafiti mrefu, wa miaka kadhaa, swali letu la kwanza ni utapangwa na nani.

Mambo haya si mageni Uganda. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, na vitabu hivyo vikaenea katika nchi nyingi zinazotumia Kiingereza. Watoto wakafundishwa seti kabla walimu wengi hawajazielewa wenyewe. Wazazi wakalalamika kwamba vijana wao hawajui hesabu za dukani, na Kenya ikayaacha mafundisho hayo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa maoni yetu ugomvi ule uliamuliwa kwa kelele zaidi kuliko kwa ushahidi.

Baadaye yakaja mengine. Mwaka 2005 Uganda ilianza mpango wa SESEMAT, kwa msaada wa Japani, wa kuwapa walimu wa sekondari mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, hata kwa vifaa vya kujitengenezea. Mwaka 2006 fizikia, kemia na biolojia zikawa za lazima mpaka kidato cha nne. Mwezi Februari 2020 mtaala mpya ukaanza na kidato cha kwanza. Wiki chache tu baadaye, tarehe 20 Machi, shule zote zikafungwa kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Vijana wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne mwaka 2024.

Hapo ndipo ugumu wa mpangaji unapoanzia. Anataka kulinganisha hali ya kabla na hali ya baada, lakini ile ya kabla imekwisha kupita, na katikati yake pana shimo la karibu miaka miwili. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa fomu hata moja, kazi ya kwanza iwe kukusanya madaftari ya zamani ya mahudhurio, ya alama na ya maabara. Mengine hayatapatikana. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na madaraja, na karatasi haishindani na maji. Yale yaliyosalia wanayajua walimu wakongwe, maana ndio waliowahi kuyafungia kabatini.

Tunapendekeza miaka sita. Kidato cha kwanza mpaka cha nne ni miaka minne. Wakifuatwa wanafunzi wa mwaka mmoja na wa mwaka unaofuata, ni mitano, na mwaka wa sita uwe wa kuuliza wamekwenda wapi. Kasese ni mji uliokuzwa na shaba, kwani reli na mgodi wa Kilembe vilianza kazi mwaka mmoja, 1956. Hima kuna kiwanda cha saruji, Katwe kuna chumvi. Mahali kama hapo asiyejua kusoma kipimo hubeba gunia, na anayejua hupewa kazi ya kipimo. Mzazi mfanyakazi anataka kujua kama mtaala mpya umempeleka mwanawe kwenye kipimo au kwenye gunia. Jibu hilo haliwezi kuonekana katika alama za mwaka mmoja.

Juu ya kuchagua shule, tusema wazi. Watafiti hupenda barabara ya lami. Ile itokayo Kasese kwenda kusini inafika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha tawi lake linakata magharibi mpaka Bwera na Mpondwe. Shule zilizo kando yake zimekwisha tembelewa mara nyingi. Lakini watoto wengi wa wilaya hii wanasoma juu kwenye miteremko ya Ruwenzori, ambako gari haliendi. Utafiti usiopanda mlima usijiite wa Kasese.

Na Bwera ina jambo lake. Mtoto wa huko husema Lukonzo nyumbani, husikia Kiswahili sokoni Mpondwe, na fizikia huisoma kwa Kiingereza. Akiwa na mama yake sokoni anageuza faranga za Kongo kuwa shilingi za Uganda bila kalamu, tena anajua nani anampunja. Mpe swali la uwiano kwa Kiingereza, atakaa kimya. Je, mtoto huyo hajui hesabu, au hajui lugha ya swali? Mtafiti anayepima kwa karatasi ya Kiingereza peke yake ataandika kwamba hajui, na miaka sita itapotea kwa kosa la siku ya kwanza. Maswali yatungwe pamoja na walimu wa hapo hapo, na mengine yaulizwe kwa mdomo.

Tena, mtoto akikosekana asifutwe katika orodha bila sababu kuandikwa. Tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya jambo kama hilo, neno "ameacha shule" halielezi kitu.

Sasa tuje kwenye mshahara, ambao wapangaji wengi hupenda kuuacha nje. Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii, aliye katika orodha yake, mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia au lugha, mwenye digrii vile vile, alibaki na kiasi kinachozidi kidogo milioni 1. Mgomo wa walimu ulikuwa umeanza Juni na ukaendelea mpaka Julai. Nyongeza hiyo ni sehemu ya mabadiliko kama ulivyo mtaala, na lazima ipimwe. Je, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akifundisha shule mbili tatu kwa juma sasa ametulia katika moja? Shule za binafsi, ambazo nyongeza haikuzihusu, zimempoteza? Na yule wa lugha, ambaye bila yeye mtoto hawezi kusoma swali la kemia, anaingia darasani na moyo gani?

Mwalimu atakayejaza madaftari ya utafiti kwa miaka sita anafanya kazi, na kazi ina posho na saa zake. Apunguziwe vipindi. Majina yasipelekwe kwa mwajiri wala kwa mkaguzi. Katika mtaala huu alama 20 katika kila 100 hutoka kwa mwalimu mwenyewe, kwa kazi anazozipima shuleni. Akishuku kwamba daftari lake litatumika kumhamisha, ataandika yale wanayotaka kuyasoma, na sisi hatutamlaumu.

Mwisho, nakala moja ya takwimu zote ibaki Kasese na nyingine Bwera, mahali ambapo mwalimu yeyote anaweza kuingia na kuzisoma. Kasese tumeomba kabati hilo liwekwe mbali na mto.