Umeme Bila Waya na Usalama wa Mwili

Kuchaji bila waya ni kuhamisha nishati kwa uga wa sumaku. Ndani ya kibao cha chaja mna koili ya shaba, na umeme unaogeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde unapopita humo, koili huzungukwa na uga wa sumaku unaopanda na kushuka kwa kasi hiyohiyo. Simu ikilazwa juu yake, koili nyingine iliyofichwa mgongoni mwa simu huunasa uga huo na umeme mpya huzaliwa ndani yake. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday, London, mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha transfoma zilizo juu ya nguzo mitaani. Tofauti ni kwamba katika transfoma koili zote mbili zimezungushiwa kiini kimoja cha chuma, lakini katika kuchaji bila waya zimetenganishwa, na katikati pamebaki uwazi. Kwenye simu uwazi huo ni wa milimita chache. Chini ya gari la umeme unaweza kufika sentimita 25, nafasi ya kutosha paka kujilaza au mtoto kuingiza mkono. Swali la usalama linaanzia hapo.

Wengi wanaogopa saratani, kwa kuwa hudhani mionzi yote hufanya kazi kama eksirei. Eksirei ina nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kuharibu DNA. Chaja nyingi za simu za kiwango cha Qi hutumia masafa ya kati ya kilohezi 87 na 205, na zile za magari takriban kilohezi 85. Katika masafa hayo, fotoni moja ni dhaifu mara mabilioni kuliko nishati inayohitajika kuiayonisha atomu. Kuongeza wati za chaja huongeza wingi wa fotoni tu. Hakuipi hata moja kati yake nguvu zaidi.

Hata hivyo, mwili hauko nje ya mchezo. Damu na tishu zimejaa maji yenye chumvi, na maji hayo hupitisha umeme. Uga wa sumaku unaobadilika haraka huzusha mikondo midogo ndani yake. Katika masafa ya chini, mikondo hiyo ikizidi kiasi huamsha mishipa ya fahamu: mtu huhisi kutekenywa, au msuli hukaza bila yeye kutaka. Katika masafa ya juu, ya redio na simu za mkononi, mishipa haiwahi kuitikia mabadiliko ya kasi namna hiyo, na athari inayobaki ni joto. Chaja zisizo na waya ziko mpakani mwa hali hizo mbili, kwa hiyo wanaozipima hulazimika kuangalia yote mawili.

Vipimo vinavyofuatwa na nchi nyingi hutolewa na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, ICNIRP. Kuhusu joto, wataalamu walianzia pale ambapo mwili unaofyonza wati 4 kwa kila kilo ya uzito unaweza kupanda joto kwa karibu nyuzi 1. Kiasi hicho wakakigawa kwa 10 kwa ajili ya wafanyakazi wa fani hiyo, na kwa 50 kwa ajili ya umma, ambao ndani yake wamo watoto, wazee na wagonjwa. Kikomo cha umma kikawa wati 0.08 kwa kilo. Kuhusu mishipa, mwongozo wa mwaka 2010 uliweka uga wa mikrotesla 27 kama kiwango cha rejea kwa umma katika masafa haya. Mwongozo wa mwaka 1998 ulikuwa mkali zaidi, mikrotesla 6.25, na pendekezo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 limejengwa juu ya huo wa zamani. Kwa hiyo mnunuzi akisoma kwamba chaja "imekidhi viwango", ana haki ya kuuliza ni viwango vya mwaka gani.

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka uga wa sumaku wa masafa ya chini sana, kama ule wa nyaya za umeme, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, mwaka 2002. Mwaka 2011 likaweka humo pia mawimbi ya redio. Kundi hilo huwa na vitu ambavyo ushahidi wake ni hafifu, si vilivyothibitika. Masafa ya chaja yako katikati ya yale ya nyaya za umeme na yale ya simu za mkononi, na hapo katikati tafiti zilizofuatilia afya za watu ni chache. Huo ni upungufu wa kweli, nao unastahili fedha za utafiti zaidi kuliko unavyostahili hofu.

Kinachomlinda mtu zaidi ni umbali. Wimbi la kilohezi 85 lina urefu wa takriban kilomita 3.5, kwa hiyo koili ndogo hairushi mawimbi mbali kama mnara wa simu. Uga wake hubaki umeizunguka. Ukishatoka nje ya ukubwa wa koili yenyewe, kila umbali unapoongezeka mara mbili, uga hupungua takriban mara nane. Panapopimwa mikrotesla 27, kurudi nyuma mara mbili ya umbali huacha kama 3.4. Kwa simu ya wati 5 au 15 iliyo juu ya meza, mtu aliyekaa kando hapati cha kumsumbua.

Gari ni jambo jingine. Kiwango cha SAE J2954, cha kuchaji magari bila waya, kinaruhusu hadi kilowati 11, na chini ya gari, kati ya koili mbili, uga unaweza kuvuka mipaka ya ICNIRP. Mfumo hutakiwa kuwa na vitambuzi vya kuzima umeme kiumbe hai anapoingia. Mjini Gumi, Korea Kusini, mabasi yaliyoanza mwaka 2013 kuchajiwa na barabara yakiwa safarini yalipewa koili zenye kuwaka pale tu basi linapopita juu yake.

Hatari iliyo wazi kuliko zote ni chuma. Sarafu, ufunguo au karatasi ya alumini ikibaki kati ya koili mbili, mikondo huzunguka ndani yake na kuipasha moto, sawasawa na sufuria kwenye jiko la induksheni. Chaja nzuri hulinganisha nguvu inayotoka na inayopokewa, na tofauti ikiwa kubwa hujizima. Chaja za bei ya chini kupita kiasi huenda zikakosa ulinzi huo, na joto hilo huunguza vidole, huharibu betri, hata kuwasha moto.

Wanaopaswa kujihadhari kweli ni wenye vifaa vya umeme mwilini, hasa vya kuratibu mapigo ya moyo. Kwa ajili yao kiwango cha magari kinashusha kikomo hadi mikrotesla 15. Baadhi ya simu na chaja zina pia sumaku za kudumu za kuzishikanisha, na mwaka 2021 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba simu ya namna hiyo ikiwekwa kifuani ilisimamisha kazi ya kifaa cha kuushtua moyo. Apple hushauri simu zake zenye sumaku zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, na zaidi ya sentimita 30 zinapochajiwa bila waya. Mgonjwa wa namna hiyo asiiweke simu kwenye mfuko wa shati, asilale na chaja kitandani, na kabla ya kupanda gari linalochajiwa bila waya amuulize daktari aliyempandikizia kifaa.