Radoni: gesi ya ardhini inayoingia nyumbani

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokana na urani iliyomo ndani ya miamba na udongo, inayomeguka polepole mpaka kuwa radiamu, kisha radoni. Nje hutawanyika na upepo. Ndani ya nyumba iliyofungwa hujikusanya, na hapo ndipo madhara yanapoanza: masalia yake, hasa poloniamu, hunasa kwenye vumbi, huvutwa na pumzi na kutoa mionzi ndani ya mapafu. Nchini Marekani, wakala wa serikali wa mazingira, EPA, hukadiria kuwa radoni husababisha vifo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka. Wavutaji wa sigara ndio walio hatarini zaidi, lakini wapatao 2,900 kati ya hao hawakuwahi kuvuta.

Hatari hii ilijulikana kwa umma mwishoni mwa 1984, baada ya mhandisi wa mtambo wa nyuklia wa Limerick, Pennsylvania, kuamsha ving'ora vya mionzi kazini. Mtambo wenyewe ulikuwa haujaanza kuzalisha umeme. Mionzi alikuwa akitoka nayo nyumbani, kwenye nyumba ya kawaida ya kitongojini iliyojengwa juu ya ukanda wa miamba yenye urani uitwao Reading Prong. Radoni iliyopimwa humo ilizidi mara 600 kiwango ambacho leo humtaka mwenye nyumba achukue hatua.

Majira ya baridi hali huwa mbaya zaidi. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na nyumba ikavuta hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu, maungio ya kuta na matundu ya mabomba. Ufa mmoja au aina ya udongo hutosha kutofautisha nyumba mbili zinazopakana, kwa hiyo majibu ya jirani si kinga. Hata ramani ya hatari ya radoni haitoshi. Katika jimbo la Iowa, ambako familia nyingi za Kikongo na Kirundi zimehamia, kaunti zote 99 zimo katika kundi la hatari kubwa, lakini kujua hivyo hakumwambii mtu hali ya chumba anacholala mwanawe.

Kupima ni kazi nyepesi, na hata mpangaji anaiweza. Kikopo chenye mkaa maalumu huwekwa kwa siku 2 hadi 7 katika ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa, kama sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na jiko, bafu na dirisha. Madirisha hufungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na wakati wote wa kipimo. Kikishatolewa kizibwe na kupelekwa maabara upesi, kwa sababu nusu ya radoni hutoweka kila baada ya siku 3.8. Kipimo cha siku 90 au zaidi huonyesha vizuri zaidi wastani wa mwaka.

EPA hushauri nyumba irekebishwe ikifikia bekereli (kizio cha mionzi) 148 kwa mita moja ya ujazo; Shirika la Afya Duniani hupendekeza 100. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi hutoboa sakafu ya zege, hupitisha bomba la plastiki hadi juu ya paa, na feni isiyozimwa huvuta gesi kabla haijaingia ndani. Kisha nyumba hupimwa upya, na tena kila baada ya miaka 2.