Shamba la Bibi bado linazaa

Daladala ikifika kituo cha Uwanja wa Taifa, Temeke, mgeni huangalia ule mkubwa, wa Benjamin Mkapa. Uwanja wa Uhuru ulio jirani yake huupita bila kugeuza shingo. Na hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipoagwa mwaka 1999. Mtaani wanauita Shamba la Bibi, kama lile ambalo kila apitaye huchuma bila kuulizwa. Mhasibu angelisoma jina hilo kama taarifa ya fedha.

Hadi 2007 Uhuru ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa, na klabu za Simba na Yanga zilikula mlangoni pake. Tiketi ikikatwa, serikali huchukua kodi yake, VAT ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, uwanja hudai pango, na klabu hupokea kilichobaki. Siku Simba ilipolala 2-0 mbele ya Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, 1993, machozi yalikuwa mengi, ila hesabu ya mlangoni haikumlilia mtu.

Mkapa ulipofunguliwa na viti 60,000, biashara ikahama. Uhuru, wenye nafasi ya watu 23,000 hivi, ukabaki na sherehe za kitaifa na mechi ndogo. Oktoba 2016 mashabiki wa watani hao, Simba na Yanga, waling'oa viti vya uwanja mpya, serikali ikazifungia klabu zote mbili mlango. Mjomba tajiri akikufukuza, unarudi kwa bibi: zikarudi Uhuru.

Kilichobadilika zaidi ni televisheni. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Kamera haipendi viti vitupu. Watu 15,000 wanapotea ndani ya Mkapa. Uhuru wangeonekana kuujaza. Azam FC ililiona hilo mapema, ikajijengea Chamazi uwanja wa watu 10,000 hivi.

Nje ya geti, muuza karanga na kijana wa jezi hawasubiri mgawo wa mtu. Ninachoshangaa ni kwamba pale bendera ilipopanda, hakuna mtalii ninayemwona akikata tiketi.

Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2027 limepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Mashindano hayo hudai viwanja vya mazoezi, na kwa timu itakayochezea Mkapa, hakuna ulio karibu kuliko wa Bibi.